Zambarau: kutoka chumba cha malkia hadi ukuta wa sebuleni

Mwaka 1083, Anna Komnene, binti wa mfalme Alexios wa Kwanza wa dola ya Bizanti, alizaliwa katika chumba kilichotengwa kwa ajili ya uzazi wa malkia. Chumba hicho kilikuwa ndani ya jumba la kifalme la Konstantinopoli, mji unaoitwa leo Istanbul. Kilikuwa cha mraba, paa lake limechongoka, nacho kikitazama bahari. Sakafu na kuta zake zilivikwa jiwe la zambarau iliyokolea, lenye madoa meupe ambayo Anna, alipokuja kuwa mwanahistoria, aliyafananisha na mchanga ulionyunyizwa. Mtoto wa mfalme aliyezaliwa humo aliitwa mzaliwa wa zambarau, na sifa hiyo ilimfuata maisha yake yote.

Jiwe lenyewe lilichimbwa katika milima ya jangwa la mashariki mwa Misri, likaburutwa hadi Mto Nile, kisha likapakiwa melini. Gharama yote hiyo ilikuwa ya kupata ukuta wa zambarau ambao leo fundi anaumaliza kwa rola siku mbili tatu. Sababu ni kwamba kwa karne nyingi zambarau nzuri ilikuwa adimu kuliko rangi zote. Nyekundu na manjano zilichimbwa ardhini karibu kila mahali. Udongo wenye chuma uliweza kutoa zambarau pia, lakini iliyofifia, inayoelekea kahawia.

Zambarau iliyosifiwa ilitoka baharini. Huko Tiro na Sidoni, katika nchi ya Lebanon ya leo, wavuvi walikusanya konokono wa baharini, wakawavunja magamba na kutoa kijifuko kidogo chenye ute. Ute huo hauna rangi unapotoka. Ukipigwa na hewa na jua huwa manjano, kisha kijani, kisha buluu, na mwisho zambarau. Uvundo wa kazi hiyo ulijulikana mbali. Mwaka 1909, mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akaambulia gramu 1.4 tu za rangi. Basi haishangazi kwamba katika orodha ya bei iliyotangazwa na Kaisari Diocletian mwaka 301, ratili moja ya hariri ya zambarau iliwekwa dinari 150,000, wakati ratili ya dhahabu ilikuwa 72,000. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Lidia wa Thiatira, aliyefanya biashara ya bidhaa hizo.

Kulikuwa na wachache waliothubutu kuipaka ukutani. Kwenye kisiwa cha Santorini, Ugiriki, nyumba za Akrotiri zilizofunikwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita zimekutwa na michoro yenye zambarau ya konokono. Lakini kwa kawaida rangi hiyo ilikuwa ya nguo, na nguo zenyewe za wakubwa.

Wasiomudu konokono walitumia likeni, viumbe vidogo vya kijivu vinavyofanana na mimea na kuota kwenye miamba na magome ya miti karibu na bahari. Zilipondwa, zikalowekwa katika mkojo uliochacha, zikatoa zambarau yenye wekundu. Hapa pwani ya Afrika Mashariki tulikuwa na sehemu yetu: katika karne ya 19 likeni hizo zilikusanywa kwenye mwambao na kusafirishwa Ulaya, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa masoko yake.

Kilichobadilisha mambo ni malaria. Mwaka 1856, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa katika maabara yake ndogo nyumbani kwao London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata tope jeusi, na alipoliosha kwa spiriti likageuka zambarau angavu. Akatia kipande cha hariri, kikashika rangi. Mwaka huohuo alisajili hataza, na mwaka uliofuata akafungua kiwanda Greenford, nje ya London. Malkia Victoria alivaa rangi hiyo katika harusi ya binti yake Januari 1858, na muda si mrefu wanawake wa kawaida wakawa nayo.

Ukuta ulilazimika kusubiri. Rangi ya nguo huyeyuka majini na kuingia ndani ya uzi; rangi ya ukuta ni chembe zisizoyeyuka, zinazokaa juu ya plasta na kupambana na jua na chokaa. Zambarau ya manganizi, iliyopatikana mwaka 1868, haivumilii chokaa. Ni katika karne ya 20 ambapo kemia ya kaboni ilitoa chembe imara. Mojawapo ni kwinakridoni, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya DuPont mwaka 1958, nayo hutoa zambarau nzito yenye joto la wekundu.

Kwa anayetaka kuipaka nyumbani, historia hiyo ina somo. Plasta mpya ya saruji ina ukali uleule uliozishinda rangi za zamani, kwa hiyo iache ikauke kwa wiki kadhaa, upake praima kwanza. Rangi iliyokolea huwa na chembe nyeupe kidogo, hivyo haifuniki upesi. Tenga bajeti ya kupaka mara tatu. Jaribu kipande ukutani, ukitazame mchana na usiku chini ya taa, kwa kuwa zambarau yenye wekundu hupendeza chini ya mwanga wa manjano na hupooza chini ya mwanga mweupe. Ukiona ukuta mmoja unatosha, usilazimishe minne.