Mashujaa wa Sinema na Watazamaji wa Kwale

Mwezi wa Aprili, mwaka 2019, picha ya Kimarekani iitwayo Avengers: Endgame ilitolewa katika majumba ya sinema ya dunia. Kabla ya mwaka ule kwisha, mapato yake ya tiketi yalikaribia dola milioni 2,800. Usiipite tarakimu hiyo kwa haraka, msomaji. Itazame kama mwanahistoria aitazamavyo hati ya zamani, kisha ujiulize: katika fedha hizo zote, ni kiasi gani kilichotoka Msambweni? Pengine hakikutoka kitu cha kutajwa. Je, tuseme basi kwamba huko Msambweni, na Gazi, na Ukunda, na Lunga Lunga, hakuna aliyewaona mashujaa hao? Mwambie hivyo kijana wa Ukunda, naye atakucheka, kisha atakusimulia kisa chote tangu mwanzo hata mwisho.

Yafaa kwanza tujue mapato ya tiketi ni nini, kwa sababu neno hili hutumiwa ovyo. Ni jumla ya fedha walizolipa watazamaji mlangoni. Si faida ya mwenye picha. Mwenye jumba huchukua sehemu yake, ambayo aghalabu hukaribia nusu, na katika kilichobaki hutolewa gharama za kuitengeneza picha na kuitangaza. Tena hesabu hii haihesabu vichwa, huhesabu fedha. Bei ya tiketi moja ya New York yaweza kununua tiketi kadhaa za Mombasa, kwa hiyo mtu mmoja wa kule huonekana katika daftari kana kwamba ni watu kadhaa wa huku. Na fedha yenyewe haina thamani moja siku zote. Gone with the Wind, picha ya mwaka 1939, ikipimwa kwa thamani ya fedha za leo huwapita mashujaa wote wa siku hizi. Endgame iliipita Avatar mwezi wa Julai, 2019, ikajivunia kiti cha juu mpaka Machi, 2021, Avatar ilipoonyeshwa tena huko Uchina na kukitwaa kiti chake.

Lakini kosa kubwa la hesabu hiyo, kwa mtu wa pwani ya kusini, ni jingine: haimwoni kabisa. Wala si mara ya kwanza watazamaji wa pande hizi kukadiriwa vibaya. Ili tulione jambo hilo, hatuna budi kurudi nyuma.

Mwaka 1935, miaka mitatu kabla Superman hajatokea katika vitabu vya picha vya Marekani, jaribio moja lilianzishwa Vugiri, katika milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka wa kusini wa Kwale. Wakuu wake walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Kazi yao ilikuwa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika: habari za ugonjwa wa safura, habari za kuweka akiba posta, habari za kilimo. Sinema hizo zilipakiwa katika lori pamoja na mtambo wa umeme na pazia jeupe, zikapelekwa vijijini katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi zilizo kusini. Sauti ilitiwa katika sahani za santuri, ili lugha iweze kubadilishwa kwa kufuata watu wa mahali. Jaribio lilikoma mwaka 1937.

Miaka miwili baadaye serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema za makoloni. Kiongozi wake, William Sellers, aliamini kwamba mtazamaji wa kijijini katika Afrika hawezi kufuata picha iendayo mbio. Kwa sababu hiyo picha za idara zilitakiwa ziende polepole, zisiwe na hila za kamera, wala kitu kisitokee au kutoweka ghafla, asije mtazamaji akafadhaika. Fikiri, msomaji! Wajukuu wa watazamaji hao leo humwona mtu akiruka kutoka sayari hii hadi ile, na mji mzima ukigeuka mavumbi, nao hulalamika tu kwamba picha inachelewa kuchangamka.

Wala tusiwasifu wajukuu peke yao. Katika miaka ileile, majumba ya sinema ya Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa yalijaa watu waliotazama visa vya Tarzan, vya wachunga ng'ombe wa Marekani, na hadithi za Kihindi zenye nyimbo na machozi, na hakuna aliyewapunguzia mwendo. Wakubwa wa serikali waliyajua hayo. Ndiyo sababu katika Kenya ya kikoloni kulikuwa na picha zilizoruhusiwa kwa Wazungu zikakatazwa kwa Waafrika. Basi niambie: yawezekanaje mtu akatazwe asione jambo ambalo yasemekana hawezi kulielewa?

Hata hivyo, magari ya sinema ya serikali yaliacha desturi moja iliyodumu kuliko picha zake. Kwa kuwa picha nyingi zilisemwa kwa Kiingereza au hazikuwa na maneno, kando ya gari alisimama mfasiri mwenye kipaza sauti. Yeye ndiye aliyewaeleza watu nani ni nani, na lipi ni lipi. Na kama mfasiri alikuwa hodari, watu waliondoka na hadithi yake zaidi kuliko ile ya serikali. Mkumbuke mtu huyu, tutakutana naye tena.

Mtu wa Kwale aliyeitaka sinema ya mjini ilimpasa kuvuka maji. Mombasa ilikuwa na majumba kama Regal, Naaz na Majestic, na humo ndimo zilimoonekana picha zilizoitia wazimu pwani nzima, kama Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, na baadaye Enter the Dragon ya Bruce Lee ya mwaka 1973. Lakini kutoka Msambweni hadi Likoni ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50, kisha kuna kivuko, na aliyekaa hata mwisho wa onyesho la usiku alikuwa na shughuli ya kurudi. Kwa watu wengi sinema ilikuwa habari waliyoletewa na mwenye bahati. Aliyekwenda alirudi akasimulia, na waliobaki walimwona Bruce Lee kwa mikono na miguu ya msimulizi.

Katika miaka ya 1980 na 1990 kanda za video zilivunja enzi ya majumba makubwa, nayo mengi yalifungwa mojamoja. Palipokosekana jumba pakajengwa banda: kuta za mbao au mabati, mabenchi machache, televisheni moja, na jenereta nje inayonguruma. Kiingilio kilikuwa shilingi chache. Humo waliingia Rambo na Arnold Schwarzenegger, na humo ndimo lilimokomaa neno ambalo bila shaka unalijua, yaani staringi. Staringi ni yule shujaa ambaye hadithi ni yake, na kanuni yake ni fupi: staringi hafi. Apigwe risasi, atupwe majini, afungiwe nyumba iwakayo moto, wewe tulia, atatoka. Sheria hiyo watazamaji waliitunga wenyewe, na waliilinda kwa kelele.

Na hapa twakutana tena na mfasiri wetu. Tanzania alikuwako mtu aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliyetia sauti yake ya Kiswahili juu ya picha za kigeni. Uganda wasimulizi wa namna hiyo wana sifa kubwa. Na Kenya jina lililovuma kupita yote ni DJ Afro. Hawa hawafasiri kama mwalimu afasirivyo kitabu. Humpa jambazi jina la mtaani, humpa staringi maneno ambayo hakuyasema kamwe, humwonya, humkejeli, hutia utani wa siasa za juzi. Msomi mkali atasema wanaiharibu kazi ya wenyewe. Mimi naona ni usimulizi wa zamani uliopata umeme. Lakini haki itendwe: kanda nyingi, na baadaye sahani na flashi zilizofuata, zilikuwa nakala zisizo na idhini, na mwenye picha hakupata senti. Hiyo ndiyo sababu Msambweni haimo katika daftari la Marekani. Watu walilipa, tena walilipa kila wiki. Ila malipo yao yaliishia kwa mwenye banda na mwenye jenereta.

Sasa twende mwaka 2018. Katikati ya Februari, siku chache kabla haijafunguliwa Marekani, picha iitwayo Black Panther ilionyeshwa Kisumu, mji ambao gavana wake wakati huo alikuwa Profesa Anyang' Nyong'o, babaye Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake wakuu. Shujaa wake, mfalme T'Challa wa Wakanda, alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966. Nchi yake ni ya kubuni, nayo yawekwa mahali fulani Afrika ya Mashariki, ingawa lugha isemwayo humo ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Iligharimu kiasi cha dola milioni 200, ikakusanya zaidi ya milioni 1,300. Waliokuwa wakidai kwamba picha yenye mashujaa weusi haiwezi kuuzika ulimwenguni walinyamazishwa na tarakimu, na hapo nakiri kwamba tarakimu zina kazi yake.

Namna watu walivyoipokea ndiyo yenye mafunzo zaidi. Katika miji mingi watu walikwenda kuitazama wakiwa wamevaa mavazi ya Kiafrika, kama waendao harusini. Lakini Mkenya mmoja, Patrick Gathara, mwandishi na mchoraji wa vibonzo, aliandika katika gazeti la Washington Post kuipinga. Aliuliza, kwa maana, ni heshima gani kwa Afrika ikiwa nchi tajiri yenye maarifa kuliko zote bado humchagua mtawala wake kwa kupigana, hata mgeni mmoja atokaye Marekani akaweza kuingia na kuitwaa? Swali hilo ni zito, na halijajibiwa na dola milioni 1,300.

Huyo mgeni, Killmonger, ndiye adui katika kisa. Walakini watazamaji wengi walimhurumia kuliko walivyopaswa. Anapokufa ataka azikwe baharini, pamoja na wahenga walioruka kutoka melini wasiende utumwani. Hebu yasikie maneno hayo ukiwa mtu wa Shimoni, penye mapango ambayo wazee husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja jahazi. Ni kweli kwamba watumwa wa pwani hii wengi walipelekwa Zanzibar, Pemba na Uarabuni, si Marekani. Killmonger si mjukuu wa Shimoni. Lakini bahari anayoitaja msikilizaji wa Shimoni anaijua, maana iko mlangoni pake.

Miezi miwili baadaye ikatoka Avengers: Infinity War, nayo ikavunja ile sheria ya banda. Adui anashinda, nusu ya viumbe wanageuka majivu, T'Challa miongoni mwao, na taa zinawashwa. Katika Endgame wengi walirudi, lakini Iron Man, ambaye kwa haki ndiye staringi wa mfuatano wote tangu mwaka 2008, alikufa na kuzikwa. Magazeti ya ulaya na Marekani yaliandika habari za watu waliotoka wakilia. Waliolelewa na kanuni ya banda walikuwa na sababu ya pili ya kulia: walikuwa wamedanganywa. Kisha mwezi wa Agosti, 2020, Chadwick Boseman, mwigizaji wa T'Challa, alifariki kweli, na picha ya pili ya Wakanda, ya mwaka 2022, ikawa kama matanga.

Tangu hapo mvumo umepungua. The Marvels, ya mwaka 2023, ilipata kama dola milioni 206 tu, ambazo hazikutosha hata kurudisha gharama zake, na wachambuzi wakasema dunia imechoshwa na mashujaa.

Yamkini. Lakini iko picha moja ambayo haimo katika mabishano hayo, na ningependa uitafute. Mwezi uleule wa Februari, 2018, Black Panther ilipokuwa ikijaza majumba, tamasha la sinema la Berlin lilionyesha picha ya Kenya iitwayo Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Msichana mdogo, Jo, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, naye apenda sana mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake na kijiji kizima wanashirikiana kumfanya aamini kwamba anazo nguvu hizo, kisha wanatengeneza naye sinema yao wenyewe. Kenya iliichagua picha hiyo kuwa mjumbe wake katika mashindano ya Oscar. Humo mnaonekana chumba cha kijijini cha kuonyeshea sinema, na kijana anayeisimulia picha watu wakishangilia. Yaani banda lenyewe, lililokosa nafasi katika daftari la mapato, limepata nafasi katika picha.

Kwale ya leo ina simu mikononi na filamu katika simu, na mabanda yaliyobaki huishi zaidi kwa mpira wa Uingereza kuliko kwa sinema. Jioni ya mechi kubwa, hata staringi hungoja nje.