Deni Lilipopoteza Uso

Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa na Waingereza, kwa rupia, aliyekuja kuidai Kavirondo Kusini, palimokuwa Migori na Homa Bay za leo, alikuja kwa miguu. Alikuwa chifu au askari wa chifu. Alichukiwa, alikimbiwa, lakini hakuna aliyejiuliza kama kweli ndiye.

Baadaye deni likawa karatasi. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilianza kusaga miwa mwaka 1979, na kampuni ya BAT nayo ilikuwa ikiwapa wakulima wa Migori mikataba ya tumbaku. Unapewa mbolea na pembejeo kwa mkopo. Siku ya malipo kampuni inakata chake kwanza. Ukibakishiwa shilingi chache unalaani, sawa, ila karatasi unayo na ofisi unaijua. Kule ufuoni, mama wa samaki alimkopesha mvuvi hela ya nyavu, naye akamuuzia samaki wake. Kwa Dholuo deni ni gowi, na gowi ya namna hiyo ufuo mzima uliijua.

Halafu ikaja simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, M-Shwari Novemba 2012, kisha Tala, Branch na apu nyingine chungu nzima. Mkopo ukaingia mfukoni bila kuonana na mtu. Na hapa ndipo nadhani tuliharibikiwa. Baadhi ya apu hizo zilisoma orodha ya namba zako, na ukichelewa kulipa, mtu usiyemjua alimpigia bosi wako, mama mkwe, hata pasta. Zilitufundisha mambo mawili: kwamba deni linaweza kuwa sauti tu, na kwamba unalipa haraka ili sauti inyamaze. Tapeli hakubuni kitu. Alirithi.

Sheria ilikuja kwa kuchelewa. Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zikakataza vitisho, matusi na kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Septemba mwaka huo, kati ya wakopeshaji 288 walioomba leseni, 10 tu walikuwa wamepewa. Septemba 2023 kampuni ya Mulla Pride, mwenye KeCredit na Faircash, ilitozwa faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba ilizopata kwa watu wengine kutuma meseji za vitisho.

Sasa tuseme simu inaingia jioni, uko Sori au Mbita. Anaongea Dholuo safi, jina lako analo. Anasema uko CRB, dalali yuko njiani, tuma elfu mbili kwa hii namba jina lifutwe. Kila kipande cha hadithi hiyo kina shimo. CRB huweka rekodi tu. Haikopeshi wala haidai. Dalali halali ana leseni, na kabla ya kubeba kochi lako lazima akupe notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 7. Polisi hawakamati mtu kwa sababu ya mkopo wa apu. Na mkopeshaji wa kweli hulipwa kwa namba ya kampuni, si kwa laini ya mtu binafsi.

Muulize: mkopo gani, wa tarehe gani, kiasi gani? Akianza kufoka, kata simu, kisha fungua mwenyewe apu uliyokopa uone deni lako. PIN usimpe hata akilia. Kama tayari umetuma, peleka ile meseji ya M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla hajazitoa. Na akikutisha kwa meseji, ipeleke kwa 333.

Wanaosema "mimi siwezi danganywa hivyo" husahau kwamba wengi wanaonaswa wana deni la kweli mahali fulani. Ndiyo maana hawamuulizi mtu. Wanaona aibu, wanatuma kimyakimya. Asubuhi deni lao halisi bado liko pale pale, halijapungua hata bob. Na kama akaunti haikuwa na kitu, hata zile elfu mbili zilikuwa za Fuliza.