Matuta ya Uluguru na Kutengenezwa kwa Mhalifu

Wanasosholojia, yaani wataalamu wanaochunguza jinsi jamii inavyojipanga na kujitawala, hutenganisha ukiukaji, ambao ni kwenda kinyume na mwenendo unaokubaliwa na watu, na uhalifu, ambao ni kuvunja amri iliyowekewa adhabu na wenye mamlaka. Katika Milima ya Uluguru, iliyoinuka juu ya Mafiga na mitaa mingine ya mji wa Morogoro nchini Tanzania, mambo hayo mawili yalipingana waziwazi katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, kwani Mluguru, yaani mwenyeji wa milima hiyo, aliyelima kama alivyorithishwa na wazee wake, bila kumdhulumu jirani yeyote, aliweza kushtakiwa.

Chanzo cha mgongano huo kilikuwa mpango wa serikali ya kikoloni ya Uingereza wa kusimamia matumizi ya ardhi, uliowataka wakulima wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko na kuacha kuchoma moto mashamba. Hofu ya mmomonyoko haikuwa ya kubuni, maana mito inayolisha Ruvu huanzia huko. Hata hivyo, udongo wa milimani ni mwembamba, na kuchimba ngazi kulifukia tabaka lenye rutuba na kuibua lile lisiloota kitu, hivyo mtu alitumikishwa kazi nzito ili avune kidogo kuliko awali. Zaidi ya hayo, ardhi ilikuwa mali ya lukolo, yaani ukoo unaofuata upande wa mama, na wengi walihofu kwamba shamba likishachimbwa kwa amri ya serikali lingehesabiwa kuwa la serikali.

Mzigo huo haukugawanywa sawa. Tambarare chini ya milima zilikuwa na mashamba makubwa ya mkonge ya wageni, ilhali familia zilizobanwa kwenye miteremko ndizo zilizobeba lawama ya kuharibu nchi, zikatozwa faini kwa kukataa kuiharibu zaidi.

Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, huko huko Uluguru, kupinga amri hizo. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na shuruti ya matuta ikaachwa. Chama cha kupigania uhuru cha TANU, kilichoundwa mwaka uliotangulia, kilipata wafuasi wengi milimani, na waliokuwa wakaidi machoni pa maofisa wakahesabiwa kuwa wapigania haki.

Mwanasosholojia Mmarekani Howard Becker aliandika mwaka 1963 kwamba ukiukaji haumo ndani ya tendo lenyewe, bali huzaliwa pale wenye nguvu wanapotunga kanuni na kumbandika jina anayeivunja. Waluguru walikuwa wameshalipia ujuzi huo kwa faini na kwa damu. Uhuru nao haukuifuta desturi hiyo ya utawala ya kumfanya mtu mhalifu kwa amri, kwa kuwa mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi iliwafanya wakazi wa mijini wasio na ajira rasmi kuwa watu wa kukamatwa na kurudishwa vijijini, wakiwemo wale ambao huko walikotoka hapakuwa na shamba la kuwatosha.