Ndagala wa Wapi?

Katika masoko ya Dar es Salaam, ukiulizia dagaa, muuzaji naye atakuuliza: wa Kigoma au wa Mwanza? Bei ni mbili na sifa ni mbili. Wa Kigoma wana bei zaidi, na mama anayewanunua atakueleza sababu hata kabla hujamuuliza: wana ladha, hawana mchanga. Sasa toka Kigoma upande Ziwa Tanganyika uje huku kwetu Bujumbura, uingie soko la Ruvumera pale Buyenzi. Samaki ni yuleyule wa Tanganyika. Amevuliwa kwa taa usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka hakusanyiki, na asubuhi yake ameanikwa juani. Lakini fungu lililo mbele yako ni ndagala, basi. Huenda limetoka Rumonge, au Kabezi, au Nyanza-Lac. Mchuuzi anajua alikolinunua, ila mara nyingi jina la mahali linaishia kwenye gunia, mezani halifiki.

Jambo hili hunirudia kila ninaposoma habari za matamasha ya chakula ya Japani, kwa sababu huko mahali ndipo panapotangulia na chakula kinafuata. Mwaka 2006 mji wa Hachinohe, kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani, uliandaa kwa mara ya kwanza mashindano yanayoitwa B-1 Grand Prix. Vyakula vilivyokuja havikuwa vya karamu za wakubwa. Vilikuwa vya vibandani, vya mtu mwenye sarafu chache mfukoni: tambi za kukaanga, utumbo wa kuchoma, supu ya mikate mikavu ya ngano. Kila kikundi kilisimama kwa jina la mji wake, na wapishi walikuwa wakaazi waliojitolea, wala hawakwenda kutangaza mkahawa wa mtu. Mgeni anaonja hapa, anaonja pale, akimaliza anatumbukiza vijiti alivyolia chakula ndani ya sanduku la mji uliomkonga moyo. Mwishoni vijiti vinawekwa kwenye mizani. Uzito wake ndio kura.

Mshindi wa mwaka huo, na wa mwaka uliofuata, alikuwa Fujinomiya, mji ulio chini ya mlima Fuji. Sahani yake ni tambi zenye ugumu kidogo, zimekaangwa na kabichi na vikoko vya mafuta ya nguruwe, kisha juu hunyunyiziwa unga wa dagaa wakavu. Hapo mtu wa Tanganyika lazima atege sikio. Unga wa dagaa kwetu ni chakula cha kumkinga mtoto na utapiamlo; tunautia kwenye uji na hatuuzungumzii zaidi. Kule umekuwa alama ya mji mzima. Vivyo hivyo kisiwa kidogo cha Ibuki, mkoani Kagawa: dagaa wake wa kukausha wanajulikana kwa jina la kisiwa, kwa kuwa ndio wanaotoa mchuzi wa tambi nene za udon zinazopendwa mkoani humo. Samaki mdogo, mkavu, wa bei ya kawaida, na bado kila mtu anajua kwao.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa mji wa Namie, mkoani Fukushima. Tambi zake nene zilianza kupikwa miaka ya 1950 kwa ajili ya vibarua waliotaka chakula cha kushibisha. Machi 2011 likaja tetemeko, likaja tsunami, na kituo cha nyuklia kilicho jirani kikaharibika. Wakaazi wote wa Namie, watu wapatao 21,000, walihamishwa, wakatawanyika katika miji ya wenyewe. Miaka miwili na ushee baadaye, Novemba 2013, mashindano yakafanyika Toyokawa, na Namie ikashinda. Mji wenyewe ulikuwa mtupu. Sehemu yake ilifunguliwa kwa wakaazi mwaka 2017 tu. Kwa hiyo siku ile ya ushindi hapakuwa na jiko hata moja lililowashwa Namie, lakini jina la Namie lilikuwa midomoni mwa maelfu ya watu. Mrundi aliyewahi kuishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Mtabila hahitaji kuelezwa maana yake. Kuna watu waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, wakazaa huko, wakazeeka huko, na kilichobaki kwao cha kuwaonyesha watoto kuhusu kwao ni namna ya kupika maharage.

Serikali nazo zina mkono wake katika habari hii. Mwaka 1999 Japani ilikuwa na miji na vijiji zaidi ya 3,200 vyenye utawala wake. Kufikia 2010, baada ya kuunganishwa, vilibaki 1,700 na kitu. Majina mengi yalifutwa kwenye ramani katika miaka ileile ambayo matamasha ya vyakula vya miji yalikuwa yakishika moto, na mimi siamini kwamba hiyo ni bahati tu. Burundi imepita njia hiyohiyo: mwaka 2025 mikoa 18 imekuwa 5, na komine 119 zimekuwa 42. Kayanza si mkoa tena. Rumonge si mkoa tena. Kirundo, iliyosifiwa kwa maharage na mtama hadi ikaitwa ghala la nchi, imeingia ndani ya Butanyerera. Sibishani na hesabu za utawala. Ninachouliza ni haya majina yatahifadhiwa wapi sasa.

Kwani sisi hatukuanza bila sherehe. Kila mwaka, mwezi wa Desemba, ufalme wa Burundi ulikuwa na Umuganuro, siku ambayo mwami alibariki mtama na kufungua msimu wa kuupanda. Ngoma Karyenda ililia. Koo za abanyamabanga, watunza siri za ufalme, kila moja ilikuwa na kazi yake katika ibada, hivyo nchi ilihudhuria vipande kwa vipande, kila kipande na wajibu wake. Japani ina jambo linalofanana nalo sana: Niinamesai, usiku wa tarehe 23 Novemba, mfalme mkuu anapotoa mchele mpya kwa miungu na kuuonja yeye mwenyewe. Nafaka moja, mfalme mmoja, usiku mmoja, na ndipo watu wote wanakuwa na ruhusa ya kushukuru.

Sherehe hizi mbili zilipoachana ni hapa. Niinamesai ilibadilishwa jina ikaishi. Mwaka 1948 siku yake ikafanywa sikukuu ya kuwashukuru wafanyakazi, na ibada ikabaki ndani ya kasri. Umuganuro wa mwisho ulifanyika mwaka 1929, chini ya Wabelgiji, huku wamisionari wakiuona kuwa upagani. Majirani zetu wa Rwanda wameurudisha wa kwao, wanausherehekea Ijumaa ya kwanza ya Agosti, na ni siku ya mapumziko. Huku kwetu zimebaki ngoma, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ngoma zinapigwa uwanjani na wageni wanapiga picha. Mtama ambao ngoma hizo zilikuwa zikiutumikia haupo pale.

Mtu anaweza kuniambia niache. Burundi si Japani, na swali la “wewe wa wapi?” halijawahi kuwa swali jepesi hapa. Marais watatu wa kijeshi waliofuatana, Micombero, Bagaza na Buyoya, wote walitoka Bururi, na kwa miaka mingi kutoka mahali fulani kulifungua mlango au kuufunga. Kulikuwa na siku ambazo jibu la swali hilo lilimgharimu mtu uhai. Huenda basi wazazi wetu walifanya busara kununua ndagala bila kuuliza alikotoka. Nauheshimu ukimya huo. Hata hivyo naona umefika pahali unakula zaidi ya ulichokusudia kukilinda. Mtoto wa Bujumbura anayekua leo hajui kwamba njegere anazokula zimetoka kwenye baridi ya Mugamba, kwamba mawese yamekamuliwa Rumonge, kwamba mpunga ni wa bonde la Imbo. Kumwuliza mtu chakula cha kwao ni njia ya upole ya kumwuliza kwao, na anayejibu hujibu kwa furaha.

Ndiyo maana, pamoja na kuyapenda mashindano ya vijiti, nisingependa yaletwe Bujumbura. Hapa hatuhitaji mizani ya kusema wa Ngozi wamewashinda wa Makamba. Japani yenyewe ina tamasha jingine linalotufaa zaidi. Kila Septemba, pembeni mwa mto Mamigasaki mjini Yamagata, hupikwa chungu kimoja chenye upana wa mita 6.5, na mchuzi hukorogwa na kupakuliwa kwa mashine ya kuchimbia udongo, mpya, iliyooshwa vizuri. Ndani kuna nyama ya ng'ombe, vitunguu na magimbi. Magimbi haya haya, amateke ya bibi zetu. Watu wa Yamagata hutia mchuzi wa soya; majirani wa Miyagi hupika ya kwao kwa miso na nyama ya nguruwe, na ubishi wa nani anayepika sawa hauishi, wala hakuna anayetaka uishe. Lakini siku yenyewe chungu kikubwa ni kimoja, na aliye kwenye foleni anapata bakuli lake bila kuulizwa amemwunga mkono nani.

Kuna kikwazo kimoja cha kwetu ambacho mwandaaji wa tamasha hawezi kukipuuza. Katika vilima vya Burundi, mzee aliyelelewa vizuri hali hadharani. Kula ni jambo la ndani, na kumkodolea macho anayekula ni utovu wa adabu. Kinachogawanywa mbele za watu ni kinywaji: pombe ya mtama, impeke, chungu kikiwa katikati na mirija imeinama kutoka kila upande. Waswahili wa Buyenzi tunakula kwa njia nyingine, sinia moja na mikono minne au mitano, na mpita njia anaitwa “karibu” naye anajua wito huo ni wa kweli. Na ukienda Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, mgeni ndiye baraka. Nyumba iliyokosa mgeni wa kula nayo siku hiyo inahesabu imepungukiwa. Japani mgeni ni mlipaji na mpiga kura. Makunduchi mgeni ni sehemu ya sherehe yenyewe. Kwa Bujumbura naiona njia ya Makunduchi kuwa ndiyo yetu, na mzee wa vilima vya Kirimiro apewe mrija wake na kivuli chake, asilazimishwe kutafuna mbele ya umati.

Vya kuonjwa tunavyo tele. Mtazame mchoma mukeke jioni kando ya ziwa. Anampasua samaki mgongoni na kumfungua kama kitabu, anamsugua chumvi, anamlaza juu ya makaa yaliyokwisha kushika majivu, upande wa nyama ukiwa chini kwanza. Mafuta yakianza kudondoka na moshi kupanda, anamgeuza mara moja tu, maana nyama yake ni laini, ukimsumbua anavunjika. Kisha vitunguu vingi vilivyokatwa duara, ndimu, pilipili ndogo pembeni, na ndizi za kukaanga. Huyu ndiye anayeitwa mgebuka Kigoma, ambako hupikwa kwa mawese. Mapishi mawili, ziwa moja, na sijawahi kuyaona mezani pamoja, ingawa makao makuu ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, inayoziunganisha Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, yapo hapahapa Bujumbura.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye mji, kwa vyama vya wavuvi na vya akina mama wanaoanika ndagala, na kwa wenye mikahawa ya ufukweni. Tengeni siku moja ya Desemba, mwezi wa Umuganuro. Iteni Rumonge na mawese yake, Mugamba na njegere zake, Kirundo na mtama wake, Kumoso, Kayanza, Gitega, na mwaliko uvuke maji ufike Uvira na Kigoma. Msitoe kombe wala cheti. Wekeni chungu kimoja cha amateke katikati, na juu ya kila meza andikeni kwa herufi kubwa jina la mahali. Na wewe msomaji usisubiri siku hiyo: kesho ukinunua fungu la ndagala, muulize mama anayeuza wametoka wapi.