Antena Iliyo Juu ya Paa Lako: Ilitoka Wapi?



Ndugu msomaji, kila mwaka ikifika tarehe 29 Shaaban, baada ya swala ya Magharibi, watu wa Ekero, Mumias na vijiji vya jirani hutega masikio. Redio imefunguliwa, runinga imewashwa, simu ziko mkononi. Swali ni moja tu: mwezi umeonekana? Kadhi Mkuu akishatangaza, dakika ile ile habari iko Mombasa, iko Garissa, na iko hapa kwetu.

Tumezoea mpaka hatushangai tena. Lakini hebu tujiulize, hasa sisi vijana: sauti hiyo inapita wapi? Na zile fito za alumini zilizofungwa kwenye mti mrefu nyuma ya nyumba, aliyezibuni ni nani? Kisa chake kina funzo kubwa kwetu.

Zama za misafara

Wazee wa Mumias waliupata Uislamu katika zama za Nabongo Mumia kupitia wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani. Wakati huo habari ilitembea kwa miguu, wiki baada ya wiki. Desemba 1901 reli ikafika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, na habari zikaanza kupanda gari moshi.

Mwezi ule ule, mbali sana na hapa, jambo jingine lilitokea. Tarehe 12 Desemba 1901, Guglielmo Marconi, Mtaliano, alikuwa juu ya kilima huko St John's, Newfoundland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Antena yake ilikuwa waya mrefu uliopandishwa angani kwa tiara, kama hizi wanazorusha watoto. Kwa maelezo yake mwenyewe, alisikia nukta tatu za herufi S zikitoka Poldhu, Uingereza, zaidi ya kilomita 3,000.

Marconi hakuanza na mkono mtupu. Mwaka 1865 James Clerk Maxwell alikuwa ameshaonyesha kwa hesabu kwamba mawimbi ya namna hiyo yapo, na kwamba mwanga wenyewe ni mmoja wao. Kisha kati ya 1887 na 1888 Heinrich Hertz, Mjerumani, akayatengeneza na kuyapokea ndani ya maabara. Elimu ni ukuta, kila mmoja anaweka tofali lake.

Kioo kilichoko angani

Wataalamu wakapata swali gumu. Dunia ni mviringo na mawimbi huenda moja kwa moja. Sasa yalifikaje upande wa pili? Mwaka 1902 Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kivyake, walisema lazima juu angani kuna tabaka linaloyarudisha chini mfano wa kioo. Mwaka 1924 Edward Appleton akathibitisha kuwa tabaka hilo lipo kweli, na mwaka 1947 akapewa tuzo ya Nobel.

Tabaka hilo hutengenezwa na jua. Mchana kuna sehemu ya chini yake inayomeza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama, wakati sisi tunashika tende na maji, sehemu hiyo hufifia. Mawimbi hupanda mpaka juu zaidi na kurudi ardhini mbali sana. Ndiyo maana redio ya masafa ya kati hushika vituo vya mbali usiku, na mchana vikapotea. Si uchawi wala si betri. Ni mpango wa Muumba, na aliyesoma anaujua.

Mpango huo ndio uliobeba sauti za Afrika Mashariki. Kenya ilianza matangazo ya redio mwaka 1928, yakiwalenga zaidi walowezi. Sauti ya Unguja ikaanza mwaka 1951. Mwaka 1954 Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili kwa masafa mafupi, ikizungumzia uhuru, jambo ambalo wakoloni hawakulipenda hata kidogo. Tarehe 27 Juni 1957 idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaingia hewani kutoka London. Sauti ya Cairo haikuhitaji pasi wala ruhusa ya gavana kuingia nyumbani mwa mtu.

Mtoto aliyekataliwa nyumbani

Sasa turudi kwenye zile fito za juu ya paa. Zilibuniwa Japani, katika chuo kikuu cha Tohoku mjini Sendai. Mwaka 1926 Shintaro Uda na mwalimu wake Hidetsugu Yagi walitangaza ugunduzi wao. Kazi kubwa ilifanywa na Uda, lakini Yagi ndiye aliyeipeleka nje kwa lugha ya Kiingereza mwaka 1928, na jina lake ndilo lililoenea.

Iangalie vizuri antena hiyo. Waya unaoshuka kwenye runinga umeunganishwa na ufito mmoja tu. Ufito wa nyuma ni mrefu kidogo, kazi yake ni kurudisha mawimbi mbele. Vile vifupi vya mbele huyaongoza mawimbi yaje pale penye waya. Kwa hiyo antena inasikia vizuri upande mmoja, na ndiyo sababu mtu huzungusha mti huku mwenzake akipiga kelele ndani, "Hapo hapo, usiguse!" Urefu wa kila ufito ni karibu nusu ya urefu wa wimbi. Wimbi la mita 3 linataka ufito wa karibu mita moja na nusu. La nusu mita linataka sentimita 25 hivi. Kenya ilipohamia runinga ya dijitali mwaka 2015, yenye mawimbi mafupi, antena ndogo zikatosha.

Lakini Wajapani wenyewe hawakujali uvumbuzi huu. Waingereza na Wamarekani wakauchukua wakautia kwenye rada. Februari 1942 jeshi la Japani liliteka Singapore, likakuta maandishi ya askari mmoja wa Kiingereza kuhusu rada. Neno "Yagi" lilikuwa limejaa humo. Hawakulielewa. Ikabidi wamuulize mateka, naye akawaambia kuwa hilo ni jina la Mjapani mwenzao! Na mwaka 1945, mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki yalikuwa na antena za aina hiyo hiyo, za kupima umbali kutoka ardhini.

Na sisi je?

Tusiwacheke. Mwaka 1970 Kenya ilifungua kituo cha setilaiti Longonot, chenye dishi kubwa. Dishi hukusanya mawimbi yote mahali pamoja kwa sababu ya umbo lake. Hesabu za umbo hilo zilianzia kwa Wayunani, na karne ya 11 Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo, aliandika kitabu kizima juu ya vioo vya umbo hilo vinavyokusanya miale ya jua. Ni vijana wangapi wetu wanamjua? Jina lake tumesimuliwa na wengine, kama yule mateka wa Singapore.

Wala tusiseme kwamba Waislamu ndio waliogundua redio. Hilo si kweli, na Uislamu hauhitaji uongo ili upate heshima. Ibn al-Haytham hakujisifu kwa kazi za babu zake. Alichukua elimu ya Wayunani, akaipima, akaisahihisha, akaongeza yake.

Ramadhan ndio mwezi ulioteremka neno "Iqra". Na Mtume (SAW) alikuwa akimuomba Mola wake elimu yenye manufaa. Basi kijana unayeogopa fizikia darasani, usiiache. Unayejifunza ufundi wa redio na simu, usitosheke na kubadilisha vipuri. Uliza kwa nini. Na nyinyi wazazi, mtoto akifungua redio mbovu kutazama ndani, msimpige.

Tunamuomba Allah (SW) atutakabalie saumu zetu na atuzidishie elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.