Wimbo Jukwaani na Wimbo Filamuni: Mfano wa Sarafina!

Aghalabu wahakiki wanapoishughulikia filamu iliyotokana na tamthilia ya nyimbo huuliza ni nyimbo zipi zilizobakishwa na zipi zilizoachwa. Swali hilo si baya, ila halifiki mbali. Ugumu mkubwa umo katika uhusiano wa wimbo na hadhira yake, na wa wimbo na wakati wake. Sarafina! ya Mbongeni Ngema inatudhihirishia hayo yote mawili.

Tamthilia hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza Juni 1987 katika Market Theatre, Johannesburg, hali ya hatari iliyotangazwa mwaka uliotangulia ikiwa ingali inatawala. Muziki wake ni wa Ngema na Hugh Masekela. Wahusika ni wanafunzi wa Soweto, mtaa wa maasi ya 1976, nao wanaandaa onyesho la shuleni ambalo kilele chake ni kuachiliwa kwa Nelson Mandela. Wakati huo Mandela alikuwa bado kifungoni. Wimbo wa mwisho, basi, haukuwa pambo. Ulitamka jambo ambalo historia ilikuwa haijalitenda. Januari 1988 tamthilia iliingia Broadway, ikaonyeshwa mara 597.

Jukwaani mwanafunzi akianza kuimba, hakuna aulizaye sababu. Hadhira imekwisha kukubali tangu taa zilipozimwa, kama vile hadhira ya ngano isivyostaajabu fanani anapoyakatiza masimulizi kwa wimbo, bali huitikia. Filamu haina wa kuitikia. Isitoshe, filamu ya 1992, iliyoongozwa na Darrell James Roodt, ilipigwa Soweto kwenyewe. Vumbi ni vumbi, risasi ni risasi. Konstebo Sabela, ambaye ameigizwa na Ngema mwenyewe, anachomwa moto na wanafunzi; Sarafina anateswa kizuizini. Baada ya picha kama hizo wimbo hauwezi kujiingilia tu. Sharti upewe kibali. Ngema na William Nicholson, walioandika mswada wa filamu, walikitafuta kibali hicho kwa kiasi kikubwa katika njozi: Sarafina anajiwazia kuwa nyota, anazungumza na picha ya Mandela. Mbinu hiyo inafaa, lakini haikukosa hasara. Sauti iliyokuwa ya kundi zima inakaribia kuwa fikira za msichana mmoja.

Hasara hiyo iliongezwa na uteuzi wa waigizaji. Leleti Khumalo alibaki katika nafasi aliyoianzisha jukwaani, lakini mwalimu alipewa Whoopi Goldberg. Hatumlaumu Goldberg, aliyeigiza kwa staha. Hata hivyo, kamera hupenda kuukaribia uso, na uso unaojulikana duniani kote huwasukuma wengine pembeni. Jukwaani hakuna wa kumkaribia mmoja kwa niaba yetu. Macho yetu huzunguka kundini yapendavyo.

Kuhusu wakati, filamu ilikabiliwa na jambo ambalo hakuna mwongozaji awezaye kulirekebisha. Mandela aliachiliwa tarehe 11 Februari 1990. Mtazamaji wa 1992 aliusikia wimbo wa uhuru wa kesho akijua kwamba sehemu ya kesho hiyo imekwisha kuwa jana. Unabii ukageuka kumbukumbu. Lakini si wote. Juni mwaka huohuo, kabla filamu haijaenea kumbini, watu zaidi ya 40 waliuawa usiku mmoja Boipatong, na uchaguzi wa watu wa rangi zote ulikuwa bado karibu miaka miwili mbele.