Kilima cha Salaita na Uraia Uliochelewa

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta, akiisha kuzipita Maktau na Mbuyuni, hukiona kilima kifupi kilichojitenga katika nyika ya miiba, nacho ndicho Salaita. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikitwaa baada ya kuuteka mji wa Taveta mwezi wa Agosti 1914, wakachimba mahandaki. Na tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika ya Kusini, wageni kabisa wa vita vya nyika, wakatumwa na Waingereza kukipanda, walakini askari weusi wa Meja Kraut, afisa wa Kijerumani, wakawarudisha nyuma, hata wakapata hasara ya watu zaidi ya mia baina ya waliouawa na waliojeruhiwa, na waliowahami katika kurudi kwao ni Wabaluchi wa kikosi cha 130 kutoka Bara Hindi.

Mwezi mmoja baadaye, usiku wa tarehe 11 Machi, batalioni ya tatu ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, ilipigana magharibi ya hapo, katika vilima vya Latema na Reata, na mkuu wake, Graham, akauawa. Katika jeshi hilo la keya, kama watu walivyoliita, walikuwamo Wasudani, ambao wazao wao leo twawaita Wanubi. Na ajabu iliyoje, jeshi la Wajerumani nalo msingi wake uliwekwa na Wasudani aliowaandikisha Wissmann, afisa wa Kijerumani, mjini Cairo mwaka 1889.

Asili ya Wanubi wa Kenya ni askari wa Emin Pasha, liwali wa jimbo la kusini ya Sudani, waliosalia karibu na Ziwa Albert hata Lugard, afisa wa Kiingereza, akawachukua mwaka 1891. Walipigana wao, kisha wana wao, katika nchi ambamo hawakuwa na kaumu wala ardhi ya jadi. Na ujira wa utumishi huo ukawa ni ruhusa ya kukaa katika msitu wa Kibra, kando ya Nairobi, ambako tangu mwaka 1904 waliruhusiwa kujenga na kulima, hata mwaka 1918 serikali ikatangaza rasmi kuwa ekari 4,197 za hapo ni akiba ya jeshi. Ruhusa lakini si milki: miaka ya thelathini Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter iliwahesabu kuwa wapangaji wakaao kwa ridhaa ya Taji la Uingereza, na Taji, lililowatuma vitani pasipo kuwauliza kabila, likawanyima hifadhi kama zile za makabila mengine kwa hoja kwamba si wenyeji.

Ulipokuja uhuru, katiba ilimfanya raia, tangu tarehe 12 Desemba 1963, kila mtu aliyekuwa chini ya himaya ya Uingereza, aliyezaliwa Kenya na ambaye mmoja wa wazazi wake alizaliwa Kenya. Kwa hiyo, kwa herufi ya sheria, Wanubi wengi walikwisha kuwa raia asubuhi ile. Nami naona hapa ndipo dhuluma ilipo: haki ilikuwamo katika kitabu, ikakawia mlangoni mwa ofisi. Kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18, akienda kutafuta kitambulisho, aliwekwa mbele ya kamati ya kumhoji, akadaiwa hati za wazazi na za babu zake, ilhali jirani yake wa kabila jingine alipewa chake bila mahojiano. Na asiye na kitambulisho hapati kazi ya serikali, hapigi kura, hata kutembea njiani ana hofu.

Tarehe 22 Machi 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya pamoja ya ardhi ya Kibra: ekari 288, miaka mia na mmoja baada ya Latema na Reata.